Nilivyoanza kuonyesha kabati kabla ya kukata mbao

Natengeneza makabati ya jikoni Dar es Salaam, na swali la wateja ni lilelile: litaenea? Wengi hawajazoea kusoma mchoro, kwa hiyo nikatafuta njia nyingine ya kuwajibu.

Nilianza na miwani ya VR, yaani uhalisia pepe. Nikaazima Quest 2, aina mojawapo ya miwani hiyo, nikachora jiko zima. Ukiivaa, chumba ulichomo kinapotea, unabaki ndani ya mchoro. Wateja walilipenda jiko lile, ila halikuwa lao: ukuta uliopinda haukuwemo, wala soketi. Wengine walipata kizunguzungu, maana macho yanaona mwendo ilhali sikio la ndani linajua mwili umetulia.

AR, uhalisia ulioongezwa, hauondoi kitu. Kamera ya simu inaonyesha jiko lenyewe, na kabati linawekwa humo. Jina hilo lilitoka kwa Tom Caudell na David Mizell wa Boeing, mwanzoni mwa miaka ya 1990, walipotaka fundi wa nyaya za ndege aone maelekezo palepale anapofanyia kazi. Kumbe lilianzia kwa mafundi! Hilo lilinipa moyo sana.

Sasa nachora kabati kwenye Blender, programu ya kuchora vitu vya pande tatu, kwa vipimo vyake halisi, nalihifadhi kama faili la GLB, yaani faili la mchoro wa aina hiyo, kisha nalifungua kwenye simu inayokubali ARCore, mfumo wa Google wa AR kwenye simu. Uliza hilo kabla ya kununua simu, kwani nyingi za bei nafuu hazikubali.

Kazi kubwa iko sakafuni. Simu huitambua sakafu kwa kufuata madoa, mistari na pembe, hivyo vigae vyeupe vinavyong'aa huisumbua. Natandika mkeka wenye nakshi, nafungua madirisha mwanga uingie, natembeza simu polepole huku na huku mpaka kabati litulie. Kisha namwomba mteja afungue mlango wa jiko, tuone kama utaligonga. Mazungumzo ya hapo ni matamu: mtu anaamua mwenyewe, amesimama jikoni kwake. Vipimo vya kukatia mbao bado nachukua kwa tepu, kwa sababu kabati la kwenye simu huweza kusogea kidogo.

Miwani sijaiacha. Nyumba ikiwa bado msingi, hakuna jiko la kuelekezea kamera. Hapo namkalisha mteja kitini, namvisha kwa dakika chache, achague dirisha likae upande gani.