Hela za nani

Saa tisa usiku. Nimefungua friji mara mbili bila kutafuta kitu. Baba anakoroma chumba cha Tumaini, redio yake ndogo iko pembeni ya mto kama mtoto. Ni siku ya nne bado nasikia alichosema Jumapili. Wala hakusema kitu kibaya. Alinitetea, na ndicho kinachoninyima usingizi.

Wiki yenyewe imejaa. Tumemzika shangazi Kibaha, Tumaini amekwenda Iringa kuanza kidato cha tano, na ile kazi ya kupika kwenye shughuli ya Kinyerezi ya watu 300 nimeipata, wameshatanguliza nusu ya hela. Kila moja inatosha kuandikwa peke yake. Lakini nikishika simu, kinachokuja ni kikombe cha chai cha Jumapili.

Ilikuwa baada ya misa. Mwenyekiti wa jumuiya alikuja kutoa pole ya shangazi. Sasa, wazee wawili wakikutana sebuleni mwaka wa uchaguzi, marehemu anapewa dakika tano. Wakatoka kwa shangazi wakaingia bei ya mafuta ya kula, wakatoka mafuta wakaingia awamu za serikali, ipi ilijenga na ipi ilibomoa. Mimi namimina chai. Baba akasema, kwa ile sauti yake ya kusimama mbele ya ubao:

"Kipindi kile cha Magufuli watu waliumia, tusidanganyane. Biashara zilifungwa. Hata huyu binti yangu hapa, hoteli ilimpunguza kazi na mtoto mdogo mkononi. Kosa lake nini? Alikuwa anafanya kazi yake tu."

Mwenyekiti akanigeukia. "Pole sana, mama Tumaini."

Miaka minane, ndiyo pole inafika. Nikasema asante. Chai ilikuwa imejaa hadi kwenye sosa.

Mnaonifuata tangu enzi za chapati mnaijua ile safari yangu ya Morogoro ya mwaka 2017. Niliwahi kuiandika, lakini niliandika nusu. Niliandika kwamba nilikwenda kumpa baba taarifa, nikalala siku mbili, nikarudi na mahindi. Sikuandika alichoniuliza.

Nilikuwa na barua kwenye pochi. Miaka tisa idara ya kumbi. Sheria inasema kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Kwangu ni siku 63. Msingi wangu ulikuwa laki nne na nusu, ukigawa kwa siku 26 za kazi unapata elfu kumi na saba na ushee, mara 63 ni milioni moja na elfu tisini hivi. Hesabu hiyo niliipiga kutoka Ubungo hadi Msamvu, nikairudia kila tulipopita mizani, kana kwamba ingeongezeka njiani.

Baba alikuwa amekaa chini ya mwembe na gazeti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Mbona katikati ya wiki?"

Nikamweleza. Semina hakuna. Serikali imeagiza mikutano yake ifanyike kwenye kumbi zake, hotelini basi. Kumbi zetu mbili zina miezi zimefungwa, viti vimevishwa vitambaa kama watu wanaosubiri harusi isiyokuja. Mwenye hoteli alijenga ukumbi wa pili kwa mkopo, benki inamdai. Tumepunguzwa 31.

Baba akalikunja gazeti mara mbili, akaliweka gotini.

"Kwani hizo hela mlizokuwa mnakula, zilikuwa za nani?"

Basi. Akanyanyuka, akaenda kuwafungulia kuku.

Sentensi hiyo nimeigeuza miaka minane. Mlizokuwa. Angesema "ulizokuwa" ningepigana naye. Lakini alitumia wingi, akanitia kapu moja mimi na wale wakurugenzi waliokuwa wanashuka kwenye mashangingi na kuuliza kama kuna samaki. Halafu ile "kwani" ya mwanzo. Kuna siku naisikia ni kejeli, kuna siku ni uchovu. Siku moja nikiwa kwenye daladala niliisikia kama huruma, nikashuka kituo kimoja kabla ya changu.

Majibu ninayo mengi. La kwanza: "Hela za mshahara wangu, baba, nilizosimamia kwa miguu saa kumi na mbili kwa siku." La pili ndilo nililopenda zaidi, nimelisema bafuni mara nyingi kuliko sala: "Zilikuwa kama zile za bati la jiko lako." Maana mwaka 2003, wakati wa MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, baba mwenyewe aliitwa semina ya siku tatu mjini. Alirudi na mkoba, kalamu na posho, na kabla mwezi haujaisha nyasi zikashuka jikoni likapanda bati. Mvua ya kwanza tulisimama mle ndani wote, mama akiwa hai, tunasikiliza. Hakuna aliyeuliza hela za nani.

Lakini sikulisema, na lazima niwe mkweli kuhusu kipindi kile. Aliyeishi hapa anakumbuka wimbo wa "vyuma vimekaza", yaani hela imeadimika, kuanzia Kariakoo hadi saluni. Na jibu lilishuka kutoka juu kabisa: anayelia njaa ni yule aliyezoea hela za dili. Jibu hilo lilishuka ngazi kwa ngazi hadi likamfikia konda. Uliposema umekosa, umeshajishtaki mwenyewe. Wakati huohuo redio inasema uchumi unakua kwa asilimia 7. Baba Tumaini alikuwa akisema hiyo saba imepita mtaa wa pili. Hela za taasisi za umma zilitolewa benki za kawaida zikapelekwa Benki Kuu, wazabuni wanadai hawalipwi, na Benki Kuu yenyewe ikapunguza riba yake ya kukopesha mabenki mara mbili ndani ya 2017, Machi kutoka asilimia 16 kwenda 12, Agosti kwenda 9. Dozi mbili kwa mgonjwa ambaye sisi tuliambiwa haumwi.

Baba wakati ule alikuwa shabiki. Namwelewa. Alifundisha miaka 36, anaona wakubwa wanatoka semina elekezi na mikoba wakati yeye anagawa chaki vipande. Halafu anakuja rais anafuta sherehe za Uhuru anasema tufagie, elimu inakuwa bure, wafanyakazi hewa wanaondolewa. Alikuwa amesubiri hayo maisha yake yote. Mimi nikafika na barua yangu kama mtu anayeingia na matope kwenye nyumba iliyopigwa deki.

Sasa Jumapili barua ileile imebadilika upande. Mwaka 2017 kupunguzwa kwangu kulithibitisha kwamba serikali inabana panapostahili. Mwaka huu kunathibitisha kwamba ilibana wasio na hatia. Ushahidi mmoja umetumika mahakama mbili, na shahidi kazi yake kumimina chai. Tena Jumatano tu alipofika na treni ya SGR kutoka Morogoro alishuka anasifu, "yule bwana alikuwa na maono." Siku nne baadaye yule bwana ndiye aliyeninyonga. Baba yangu si kigeugeu peke yake, nchi nzima tuko hivyo. Ila mimi sipendi kuwa mfano wa mtu.

Basi jana nikajitia ujasiri. Nilikuwa namtia dawa ya macho (kliniki wamesema mtoto wa jicho lile la kushoto watamtoa mwezi ujao), na mtu ukimtia dawa ya macho hawezi kukutazama. Nikasema:

"Baba, unakumbuka nilivyokuja Morogoro na ile barua?"

"Nakumbuka. Usiku ule sikulala."

Mimi nilijua alilala. Nilimsikia akikoroma. Labda nilisikia nilichotaka.

"Mbona hukulala?"

"Nilikuuliza swali, mama. Hukunijibu."

Alisema hivyohivyo, ameinua uso darini, tone linamtiririka shavuni. Halafu akapapasa redio, akaiwasha. Wagombea wakaanza kuongea.

Nimekaa na hilo tangu jana jioni. Miaka yote nimelibeba kama tusi, kumbe mwalimu aliuliza swali na alikuwa anasubiri jibu. Aliuliza ili nimwambie "siyo zetu, baba, mimi sikula." Nikanyamaza. Na mwalimu wa miaka 36 anajua mwanafunzi anayenyamaza kwa hasira na anayenyamaza kwa kuwa anajua.

Haya. Nusu ya pili ndiyo hii.

Mwaka 2015, mwezi wa tatu, tulikuwa na semina ya siku tatu. Taasisi siitaji. Siku ya pili chakula cha mchana waliokula ni watu 52. Nilihesabu mwenyewe, ndiyo ilikuwa kazi yangu, kusimama mlangoni na kihesabio. Jioni afisa aliyeandaa akaja dawatini, mpole, ananiita dada, akasema ankara isomeke 80. Nikamtazama bosi wangu. Bosi akatazama dirisha. Orodha ya mahudhurio ilikuwa imeshasainiwa, wino mmoja toka juu mpaka chini. Nikaandika 80.

Sahani ilikuwa 25,000. Watu 28 wasiokuwapo walikula laki saba kwa mchana mmoja. Pensheni ya baba wakati ule haikufika laki mbili kwa mwezi. Hesabu hii nayo nimeipiga kwenye basi, ila si lile la Msamvu, nimeipiga leo kwenye la Tabata.

Siku ya tatu afisa aliniachia bahasha. "Ya vocha, dada." Elfu ishirini. Nilimnunulia Tumaini viatu vya shule Karume, alikuwa na miaka saba, akavivaa kulalia.

Kwa hiyo hela zilikuwa za nani? Za baba. Na za mama wa mchicha, na zangu mwenyewe pia kwa kodi niliyokatwa. Nilipoandika 80 nilijiibia kidogo na mimi.

Na bado sikubali yale maneno ya dili, hata leo nimeshajisema. Da Mwajabu aliyekuwa anafua vitambaa vya meza alipewa barua ileile, saa ileile. Bahasha hakuwahi kuiona, alikuwa chini kule kwenye mvuke. Alirudi Handeni na watoto wanne, na simu yake ilikuja kuacha kuita. Wapishi, mlinzi wa geti la nyuma, yule kijana wa vipaza sauti. Yule afisa mpole je? Nilimwona mwaka jana kwenye send-off Mbezi Beach, amenenepa vizuri, nimesimama nyuma ya masufuria yangu. Akasifu pilau. Hakunikumbuka. Akaomba kadi yangu, akasema "tutakutafuta, dada, ila tufanyie bei."

Kadi nilimpa.

Nilitaka kwenda kumwamsha baba nimjibu. Nimefika hadi mlangoni. Amelala chali, mdomo wazi, jicho moja lina plasta. Nikawaza, nikimwambia sasa namnyang'anya nini? Jumapili mbele ya mtu alisema "alikuwa anafanya kazi yake tu." Alishanihukumu akaniachia huru, bila kusubiri utetezi wangu. Sijui ilimchukua miaka mingapi. Na Jumamosi anapanda treni kurudi kwa kuku wake.

Nikajikuta nacheka, pale mlangoni, nimekumbuka lile bati. Lilikuwa na tundu dogo la msumari juu ya mafiga. Mvua ikinyesha tone moja linadondokea kwenye uji, na baba anasema ndiyo makato ya serikali hayo. Alisema hivyo kila masika. Tulicheka kila masika. Labda nimwambie akiwa amekaa, tukiwa tunakula. Labda nianzie kwenye viatu.

Nilikuja kukaa mezani niandike haya, nikasogeza bahasha ya kliniki nipate nafasi. Chini yake kuna ufunguo, una uzi mwekundu. Ni wa tranka la Tumaini. Nilifunga mwenyewe Jumatatu, nikamwambia nakupa ukiwa unapanda basi, na pale Stendi ya Magufuli na zile kelele za wapiga debe nikampa biskuti na nauli ya bodaboda. Sweta zake zote mbili zimo mle ndani, na mwezi huu Iringa ni baridi kama ndani ya friji hii niliyoifungua mara mbili. Simu ya matroni haipokelewi tangu jana, nilidhani ni shughuli za kupokea wageni. Sijui mtoto amelalia nini.