Wikiendi ya Dar na mama, safari hii tunatembea kwa miguu

Ijumaa ijayo mi na mama tunashuka Dar toka huku Dodoma. Mama hajakanyaga Dar tangu niko darasa la tatu, na mi mwenyewe mara ya mwisho niliiharibu ile safari kabisa maana nilitaka kufika kila mahali, asubuhi niko Mbagala kwa shangazi, mchana nakimbilia Mwenge kwenye vinyago, jioni nataka Mbezi, yaani Jumamosi nzima imeishia kwenye foleni. Halafu lodge niliyolipia advansi nafika saa nne usiku naambiwa chumba kapewa mtu mwingine. Niliumia sana.

Safari hii nimesema hapana. Tunakaa katikati tu, Posta, Kisutu, Kariakoo na Feri, basi. Chumba nimempigia mwenye lodge mwenyewe na Alhamisi nampigia tena.

Tunapanda treni ya SGR. Ilipoanza kufika Dodoma 2024 nauli ya kawaida ilikuwa 31,000, na mwendo ni kama masaa manne hivi, mama anayekumbuka basi la kutwa nzima bado haamini. Nimemwambia kitambulisho kikae kwenye pochi ya mkononi, asije akakifungia chini ya begi.

Jumamosi asubuhi tunaanza na Kisutu, na kama na wewe unapanga nakuomba usiiweke Jumapili, maduka mengi ya Wahindi siku hiyo yamefungwa na mtaa unakuwa kimya. Kisutu utembee polepole huku umeinua macho juu, maana chini ni vioo na mabango ya simu lakini ghorofani kuna vibaraza vya zamani na majengo mengine yameandikwa mwaka yalipojengwa, ya 1930 na kitu. Mahekalu ya Wahindu yako hapo, misikiti iko hapo, jamatkhana ya Waismaili nayo haiko mbali. Na chai! Mara ya mwisho nilikaa kwenye mgahawa mmoja mdogo, mzee wa Kihindi nyuma ya meza anahesabu chenji bila kuangalia, akanisukumia kisahani cha chatne ya nazi akaniambia "weka nyingi bwana, kachori kavu ya nini". Kiswahili chake cha Dar kabisa, kimenyooka kuliko changu cha huku bara. Mama nataka nimkalishe hapohapo ale katlesi ya moto.

Halafu Sanamu ya Askari pale barabara ya Samora. Hii ndo sababu hasa ya safari. Sisi ni Wagogo, na babu yake mama alichukuliwa na Waingereza wakati wa vita ya kwanza akabebe mizigo ya jeshi, hakurudi, na nyuma yake ikaja ile njaa ya Mtunya iliyomaliza watu Ugogo. Hakuna kaburi, hakuna picha, kuna jina tu ambalo mama analitaja kila tukikaa. Sanamu ile iko pale tangu 1927, ni kumbukumbu ya askari na wapagazi waliokufa, na maandishi yake ya Kiswahili yamewekwa kwa herufi za Kiarabu pia. Watu wanaipita tu kila siku na bodaboda.

Toka pale tunaingia Kariakoo, na jina lenyewe ni hao hao wapagazi, Carrier Corps, kambi yao ilikuwa huko, wenyeji wakalitamka wanavyotamka wao likabaki. Nilipomwambia mama hili alinyamaza kidogo akasema "kumbe wamepewa mtaa". Sa hivi mtaa huo unakutana na Mkongo anabishania bei ya vitenge kwa Kiswahili cha Lubumbashi, Mzambia anafunga marobota, Mpemba anauza vitambaa, Mchaga ana spea. Mzigo bado unabebwa vichwani na migongoni, ukisikia "mzigoo mzigoo" sogea haraka. Simu iwe mfuko wa mbele, na uende kabla ya saa sita maana joto la Dar lina unyevu, sio kama jua letu kavu la Dodoma, mtu mzima linamchosha.

Jumapili mama anataka ibada pale Mtakatifu Albano, ye ni Mwanglikana wa damu. Baada ya hapo Feri, tuone samaki wanavyonadiwa, tuvuke na pantoni mpaka Kigamboni na kurudi, dakika chache tu lakini mji wote unauona toka majini. Mihogo tutakula ng'ambo. Treni ya jioni, nyumbani.

Juzi kanipigia saa tatu usiku nikajua kuna shida. Anauliza pale kwenye sanamu kuna pa kukaa? Nimemwambia nitabeba kigoda.