Nimenunua mpira wangu mwenyewe

Jumamosi iliyopita, hapa Jinja, Uganda, nilinunua mpira wangu mwenyewe wa gofu kwa shilingi 4,000. Kijana anayeokota mipira vichakani alikuja na mfuko wake, nikaanza kuchambua kama mtu anayechagua nyanya sokoni, mkono ukaangukia Titleist Pro V1, mpira wa bei ghali, yenye vidoti viwili vyekundu pembeni mwa namba. Vidoti vile nilivichora mimi. Wiki mbili nyuma niliununua Kampala kwa 20,000, mpya kabisa, ukaishi mashimo mawili. Sikubishana naye. Mimi niliukatia tamaa, yeye aliingia miibani.

Handikapu yangu, namba inayopima uwezo wa mchezaji (ikiwa ndogo ndiyo bora), ni 24, na miaka kumi na moja ya gofu haijaishusha sana. Kwa hiyo swali la mpira gani nitumie linanihusu mfukoni. Pale chini ya mti tunapokunywa soda baada ya mchezo, yupo rafiki yangu anayeapa kwamba mpira wa bei unamwongezea hatua ishirini. Humwambia: kaka, sheria ya gofu imeifunga yote kamba moja. Uzito usizidi gramu 45.93, kipenyo kisipungue milimita 42.67, na hata kasi ya kuruka ina kikomo chake. Hatua ishirini zako zimetoka kwenye upepo wa ziwa.

Tofauti ipo, ila iko kwenye ganda. Mipira ya bei nafuu mingi ina kiini kikubwa cha mpira na ganda gumu la plastiki, basi. Ile ya gharama ina tabaka tatu au zaidi, na nje imevishwa urethani, plastiki laini inayong'ang'ania mifereji ya weji, fimbo ya mipigo mifupi ya juu, ili mpira uzunguke kwa kasi na kushika breki ukitua. Nilitaka kuona kwa macho. Jioni moja uwanja ukiwa mtupu nilichukua mipira sita, mitatu migumu na mitatu laini, nikasimama hatua thelathini kutoka kwenye bendera. Miwili niliiharibu kwa mkono wangu, tusiihesabu. Ile laini iliyobaki iliruka mara moja, ikasita, ikatulia. Ile migumu ilitua palepale kisha ikaendelea na safari zake, mmoja ukashuka upande wa pili wa grini, ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo. Kwa pata, fimbo ya kuusukuma mpira shimoni, sikuona tofauti yoyote.

Kisha nikatoa draiva, fimbo ya kupiga mbali. Yote, laini kwa migumu, ilipinda kulia ikaelekea vichakani. Uso wa fimbo yangu hufika ukiwa wazi, yaani umeelekea kulia, na hapo mpira hauulizwi umetengenezwa wapi.

Aliyenifungua macho ni kedi wangu, anayenibebea fimbo. Tuko shimo la tatu, nimeweka ule mpya kwenye kijiti, akaniambia polepole, "Mzee, huo mpira unauogopa." Kweli. Mikono ilikuwa imekaza kama nashika yai la jirani. Nikaupiga nusunusu, ukaenda nilikokwambia.

Na uwanja wetu una mitego yake. Viboko hutoka majini usiku kuja kula nyasi, na kanuni ya hapa inakuruhusu kuuinua mpira ulioangukia kwenye unyayo wa kiboko bila adhabu. Wageni hudhani tunawatania mpaka wauone unyayo wenyewe. Jaribu kuutafuta mpira wa 20,000 kwenye majani hayo, saa kumi na mbili, ukijua mwenye unyayo yuko njiani.

Siku hizi nacheza mgumu, na wa aina moja tu kuanzia shimo la kwanza hadi la mwisho. Wenzangu hubadilisha kila shimo, leo huu wa kuokota, kesho ule wa zawadi, na sheria za kawaida haziwakatazi. Lakini karibu na grini wanabahatisha. Mimi najua wangu utabingirika, basi nautua mapema na kuuacha utembee. Nikishuka hadi 15 nitaufikiria tena ule laini.

Ule wa vidoti viwili nilimpa kedi. Juzi ameniambia ameshauuza, 6,000.