Mwanamke wa Kwenye Dashibodi

Gari langu la kwanza lilikuwa na mwanamke ndani yake. Kila nilipozungusha ufunguo, kabla injini haijakohoa, alisema maneno machache ya Kijapani kwa sauti laini, kisha akanyamaza. Aliyeniuzia hakujua anasema nini. Mimi nilidhani ananisalimu, basi nikawa namwitikia.

Lilikuwa Toyota Corolla AE100, lile ambalo Uganda nzima inaliita kikumi, kwa kuwa kikumi kwa Kiganda ni mia. Lilikuwa la rangi ya fedha, isipokuwa mlango mmoja wa nyuma uliotoka soko la spea la Kisekka. Huo ulikuwa mweupe. Nililinunua mwaka 2009 kwa shilingi milioni saba, mbili kati ya hizo za kukopa. Kioo cha upande wa dereva kilishuka lakini hakikupanda. Buti ilifunguliwa kwa kijiko. Nililipenda kiasi kwamba usiku nilikuwa naamka kuchungulia dirishani kama bado lipo.

Novemba ya mwaka huohuo, siku chache kabla ya Idi Kubwa, nikaamua kwenda nalo Arua, karibu kilomita mia tano. Nilikuwa na miezi miwili tu ya kuendesha, tena kati ya Ntinda na mjini. Habari zikamfikia shangazi yangu wa Bombo, naye akatangaza kwamba mwaka huu hapandi basi.

Nilitoka Kampala saa kumi na moja alfajiri, nikapita Bwaise kabla foleni haijaamka, na Bombo nikamkuta tayari kando ya barabara: vikapu vyake vya rangi, jogoo wawili waliofungwa miguu, na jerikeni ya lita ishirini.

"Maji ya nini yote hayo, shangazi?"

"Ya gari. Marehemu mjomba wako kaendesha lori maisha yake yote, hajatoka Bombo siku moja bila maji."

Akaketi, akapanga baibui lake, nikawasha. Mwanamke akasema yake.

"Marahaba, mwanangu," shangazi akajibu. Kisha akanigeukia. "Nani huyo?"

"Wa Japani."

"Ana adabu kuliko wewe. Wewe hata shikamoo hukutoa."

Redio haikutusaidia. Redio za magari ya wakati ule yaliyotengenezwa kwa ajili ya Japani zilianzia 76 na kuishia 90, ilhali stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Shangazi alizoea CBS, ya 88.8, ambayo ningeweza kuipata, lakini serikali ilikuwa imeifunga Septemba ile baada ya ghasia za Kampala. Tulipopita Luweero, ambako alinisimamisha kununua mananasi manne na kubishania bei hadi muuzaji akacheka, redio ilikuwa inakaanga samaki tu. Nikaizima. Mpaka Arua burudani yetu ikawa shangazi mwenyewe, jogoo, na yule wa Japani kila tuliposimama na kuwasha tena.

Kafu, Kigumba, Bweyale: mashimo, vumbi, malori. Sina la kusimulia hapo ila shingo iliyouma.

Karuma ni jambo lingine. Pale darajani Nile ilikuwa inachemka nyeupe kati ya mawe, na nyani waliketi barabarani kama askari wa ushuru. Nilipunguza mwendo ili nitazame mto. Nyani mmoja akaona dirisha lisilofungika, akaingiza mkono mbele ya pua yangu na kuondoka na nanasi kutoka miguuni kwa shangazi. Nilipiga kelele za aibu. Shangazi hakucheka. Alikuwa ameshashika tasbihi.

Baada ya daraja tulikata kushoto kuelekea Pakwach, naye akaacha kabisa kuongea. Nilidhani ni nanasi. Tulipokwenda kitambo ndipo akasema, "Hapa tulikuwa tunasubiri jeshi." Wakati wa vita vya Kony, kiongozi wa waasi wa kaskazini, magari ya njia hii yalikusanywa na kupelekwa kwa msafara, wanajeshi wakiyasindikiza. Mjomba alikuwa anapita hapa na lori, na shangazi alikaa Bombo akihesabu saa. "Akifika Pakwach anatafuta simu. Siku nyingine simu hakuna." Mwaka ule barabara ilikuwa imeshatulia, nyasi ndefu pande zote, mtoto anauza mkaa. Hata hivyo sikumwona akiachia tasbihi hadi tulipoona daraja la Pakwach.

Hapo akawa mtu mwingine. Akaagiza samaki wa kukaanga, akanunua angara wakavu wa kupeleka nyumbani, akanisimulia kwa mara ya mia habari za Gipir na Labongo, ndugu waliogombania mkuki na ushanga hadi wakaachana hapohapo mtoni. "Na nyie mtaachana kwa sababu ya gari," akasema, akimaanisha mimi na kaka yangu, ambaye tayari alikuwa ameliomba kwa ajili ya harusi.

Kutoka Pakwach kwenda Nebbi barabara inapanda. Mshale wa joto nao ukapanda. Nilipoona moshi nikafunga breki, nikaruka nje, nikashika kifuniko cha radieta.

"Toa mkono!" Sikujua shangazi ana sauti ile. "Unataka uende Idi umefungwa bandeji?"

Tukangoja nusu saa kivulini. Mpira wa radieta ulikuwa umepasuka, ufa wa urefu wa kidole. Fundi wa baiskeli wa pale jirani akatukatia utepe wa tyubu kuukuu, na shangazi, baibui limefungwa kiunoni, akauzungusha na kuukaza kwa meno. Kisha maji ya Bombo, taratibu. Nikarudi kwenye usukani mikono ikitetemeka. Nikazungusha ufunguo.

Mwanamke akasema.

"Marahaba," tukajibu wote wawili.

Tuliingia Arua maghribi, tukisimama kila baada ya mwendo mfupi kuongeza maji. Hakuna aliyeulizia safari. Watoto walikuwa wanafungua buti kwa kijiko, na kufunga, na kufungua.

Baadaye muuza magari mmoja wa Nakawa aliyewahi kuishi Japani alinitafsiria. Hakuwa anasalimu. Chini ya usukani kulikuwa na kijisanduku cha kulipia barabara za kule, naye alikuwa akisema kwamba kadi haijaingizwa. Akataka kumchomoa, nikakataa. Kikumi nilikiuza mwaka 2014, naye ndani.

Januari 2022 walipoanza kutoza ushuru kwenye barabara ya kasi ya Entebbe, nilifika kibandani na gari jingine, la kimya. Msichana akaniuliza: kadi au taslimu? Nikampa shilingi 5,000, nikaenda kuegesha mbele na kumpigia shangazi.

Alisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo miaka yote ile," akasema, "maskini alikuwa anadai nauli, na sisi tunamwitikia marahaba."