Postdoki Ujerumani: anza na mkataba, darubini baadaye

Mama mdogo wangu wa Muheza hajawahi kuelewa kwa nini mtu mzima, tena mwenye shahada ya uzamivu, alipwe mshahara kukaa Heidelberg akichambua mayai ya inzi. "Inzi huku wapo bure," huniambia kila nikimpigia. Nilishamweleza kwamba inzi hawa wa matunda ndio waliowapatia Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus Tuzo ya Nobel mwaka 1995, na kwamba kazi yenyewe waliifanya mji huu huu mwishoni mwa miaka ya 1970, wakiwa vijana wanaogawana maabara moja. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Haya, na wewe masomo unamaliza lini?"

Si masomo, lakini nani atakuamini? Postdoki ni kazi ya utafiti ya mkataba baada ya uzamivu, mara nyingi miaka miwili au mitatu, chini ya profesa mwenye maabara yake. Unatarajiwa ufanye kazi yake, utoe makala, na hapo hapo ujijengee jina lako mwenyewe ili siku mkataba ukiisha uwe na pa kwenda. Wadogo zangu wa Dar, Morogoro na Nairobi wanaoniandikia wamepata nafasi hizi huwa wananisimulia habari za darubini na majarida ambamo bosi huchapisha makala. Mkataba hawautaji kabisa. Mimi huwaambia wausome kwanza, kwa sababu sehemu kubwa ya msaada anaopata postdoki huku imeandikwa humo, na usipoandikwa humo hakuna warsha itakayoufidia.

Kwanza, ni ajira au ni stipendi, yaani posho ya ufadhili? Stipendi inavutia macho kwa sababu haikatwi kitu, lakini bima ya afya unajilipia, pensheni huna, na ikiisha imeisha. Ajira ya kawaida ya mtafiti hapa iko kwenye daraja la mshahara linaloitwa E13. Makato yatakuumiza roho, zaidi ya theluthi moja kwa asiye na familia, ila yanakununulia vitu. Ukichangia bima ya kukosa kazi angalau miezi 12, mkataba ukiisha bila kazi nyingine unalipwa asilimia 60 ya mshahara wako baada ya makato, au 67 kama una mtoto, kwa muda fulani. Sharti ujiandikishe ofisi ya ajira miezi mitatu kabla ya mkataba kuisha, si siku ya mwisho. Na ile asilimia 9.3 inayoingia mfuko wa pensheni, kama hujafikisha miaka mitano ya michango na umerudi zako Afrika Mashariki, unaweza kuidai sehemu yako baada ya miezi 24 tangu uondoke. Wengi wetu hatuambiwi. Dada mmoja wa Kisumu aliyewahi kufanya kazi ghorofa ya juu yetu alizidai zake, akamalizia nyumba.

Ndani ya E13 kuna ngazi, na ngazi hutegemea uzoefu unaotambuliwa siku ya kuajiriwa. Ukisha saini, kurudi nyuma ni kazi ngumu. Kwa hiyo kabla ya kusaini waandikie watu wa utumishi, ambatisha barua za kila mahali ulipofanya utafiti, Tanzania au popote, uombe zihesabiwe. Utajisikia una tamaa. Wenzako Wajerumani wanafanya hivyo bila haya yoyote.

Halafu kuna saa inayotembea. Sheria ya mwaka 2007 inaruhusu vyuo na taasisi kukupa mikataba ya muda kwa jumla ya miaka sita kabla ya uzamivu na sita baada yake. Ikiisha, ama upewe ajira ya kudumu, ambayo kwenye biolojia ni adimu mno, ama upatikane mkataba unaolipwa na fedha za mradi kutoka nje, ama uage. Wizara ya elimu na utafiti iliwahi kuwa na video ya katuni yenye mtafiti wa kubuni aitwaye Hanna, tena mwanabiolojia kama mimi, ikieleza kwa uchangamfu kwamba mikataba mifupi inasaidia kizazi kimoja kisizibe njia ya kinachofuata. Juni 2021 watafiti waliiona upya, wakakasirika, wakajaza mtandao kwa alama ya #IchBinHanna, yaani "mimi ni Hanna", na video ikaondolewa. Ikafuata #IchBinReyhan, ya watafiti wanaobaguliwa kwa asili yao. Mimi niliifuatilia ya pili kwa karibu zaidi. Hanna mkataba wake ukiisha anakosa kazi. Mimi wangu ukiisha, kibali cha ukaazi nacho kinaanza kukohoa.

Sheria hiyo hiyo lakini ina mlango ambao akina mama tunapaswa kuujua kwa kifungu. Kila mtoto wa chini ya miaka 18 unayemlea anaongeza miaka miwili kwenye ile sita. Na kama mkataba wako ni wa kifungu cha kujiendeleza kitaaluma, muda wa likizo ya uzazi na ya malezi unaongezwa mwishoni mwa mkataba, haupotei. Lakini kama mkataba umeandikwa chini ya kifungu cha fedha za mradi, tarehe ya mwisho inabaki pale pale, ujifungue usijifungue. Mimi na mwenzangu mmoja wa Kampala tulijifungua karibu wakati mmoja, tukiwa jengo moja. Wangu ulisogezwa mbele. Wake uliisha akiwa bado ananyonyesha, na bosi wake, mtu mwema kabisa, hakuwa na la kufanya kwa sababu mfadhili wa mradi alishafunga hesabu. Tofauti kati yetu ilikuwa mstari mmoja kwenye ukurasa wa kwanza, na hakuna kati yetu aliyeuchagua.

Ujauzito wenyewe maabara ni habari nyingine. Sheria ya kulinda wajawazito hapa ni kali: kemikali fulani, mionzi na baadhi ya vimelea husogelei. Afisa wa usalama alikuja na fomu, akapita meza kwa meza, akafungua kabati, akasoma lebo za chupa moja moja, akaweka alama nyekundu. Alipomaliza nikabakiwa na kompyuta na darubini moja ya kuangalia inzi walio hai. Taasisi ikaajiri mwanafunzi msaidizi awe mikono yangu, mimi nikiwa nimekaa pembeni kwenye kiti nikimwelekeza: chuja, subiri, sasa geuza, taratibu. Kijana yule alijifunza kuandaa mayai vizuri kuliko mimi. Huo ndio msaada ninaouita msaada, na uliwezekana kwa sababu kuna fungu la fedha kwa ajili yake na kuna mtu ofisini anayejua fungu liko wapi.

Nüsslein-Volhard huyo huyo wa inzi alianzisha mfuko mwaka 2004 unaosaidia wanasayansi wanawake wenye watoto wadogo, wa uraia wowote, walioko Ujerumani. Fedha zake ni za kulipia mtu wa kusafisha nyumba na kulea mtoto, ili mama apate saa za kufanya kazi. Si za utafiti, ni za dada wa kazi, tuseme ukweli. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu: kumbe ameliona lile ambalo nyumbani kila mama mwenye ofisi analijua.

Warsha sasa. Taasisi yetu ina mtu wa kuwahudumia mapostdoki, na warsha hazikauki: kuandika ombi la ruzuku, kuongoza timu, kujiandaa kwa usaili, kazi nje ya chuo. Nyingine nzuri sana. Ile ya ruzuku, ambapo watu watatu wasioifahamu fani yako wanakuhoji kama wajumbe wa kamati na kukukata maneno, ilinifaa kuliko kitabu chochote. Ila ujue kwamba nyingi zimeandaliwa na watu ambao hawajawahi kupanga foleni ya viza. Kuna siku aliletwa mgeni kutueleza kazi ya kuchunguza maombi ya hataza, yaani haki za uvumbuzi, kwenye Ofisi ya Hataza ya Ulaya, Munich. Mshahara mnono, wanabiolojia wanatakiwa. Chumba kizima kinaandika. Mwishoni nikanyoosha mkono nikauliza kuhusu uraia. Sharti uwe raia wa nchi mwanachama wa ofisi hiyo. Mhindi, Mbrazili na mimi tukafunga madaftari kwa pamoja. Mgeni hakuwa na kosa, swali hilo halikuwa limewahi kumpitia kichwani.

Ndiyo maana nasema kwa mtu wa pasipoti yetu, kozi ya Kijerumani inazishinda warsha zote, na kwetu inalipiwa. Maabara tunaongea Kiingereza kutwa nzima, kwa hiyo kila mtu anaiahirisha. Lakini mwenye ajira na Kadi ya Buluu ya Ulaya, kibali cha kuishi na kufanya kazi kwa wasomi wa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya, anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miezi 21 akiwa na Kijerumani cha kiwango cha B1, yaani cha kati, na miezi 27 akiwa na cha A1, cha mwanzo kabisa. Kadi hiyo ina kiwango cha chini cha mshahara. Mwaka 2025 kilikuwa euro 48,300 kwa mwaka kwa kazi nyingi. E13 ya muda wote inavuka. E13 ya asilimia 65, ambayo baadhi ya maabara bado wanathubutu kumpa mtu mwenye uzamivu, haivuki. Stipendi haihesabiki kabisa, maana si ajira. Ukaazi wa kudumu ukiupata, mazungumzo yako na bosi yanabadilika sauti. Hamjadili tena ukiwa umeshika pumzi.

Jambo jingine ambalo halisubiri ni ruzuku za Marie Skłodowska-Curie za Umoja wa Ulaya. Uraia hauulizwi, ila sharti usiwe umeishi nchi unayoombea zaidi ya miezi 12 katika miezi 36 kabla ya tarehe ya mwisho ya maombi. Watu wanakuja kwa fedha za bosi, wanasema ngoja nizoee kwanza, na mwaka wa pili wakitaka kuomba wakiwa hapa hapa mlango umeshafungwa. Anza kuandika ukiwa bado Morogoro, na profesa anayekutaka kweli atakaa na wewe kwenye rasimu hata kabla hujapanda ndege. Asiyeweza kukupa saa mbili za rasimu kwa simu, usitegemee atakupa za barua ya mapendekezo baadaye.

Kuna swali moja ambalo profesa wengi hawalipendi, nami naliona ndilo zito kuliko yote: nikiondoka, naondoka na nini? Kwenye biolojia mada ni mali. Ukifanya kazi miaka minne juu ya jeni fulani halafu bosi akaibakiza maabara kwake, unakwenda kuanzisha kikundi chako mikono mitupu, tena ukishindana na yeye. Mimi na bosi wangu tulikaa mwaka wa kwanza, tukaandika nusu ukurasa: yeye anabaki na inzi, mimi nachukua upande wa mbu. Jeni tunalolichunguza lipo kwa wote wawili, na mbu wa Anopheles hawahitaji kuagizwa kule ninakotoka. Hakuna mwanasheria aliyehusika, ni barua pepe tu yenye jibu lake la "nakubali". Nimeihifadhi mahali pawili.

Kule ninakotoka, kwa wasiojua, Wajerumani walijenga taasisi ya biolojia na kilimo Amani, milima ya Usambara, tangu mwaka 1902, na leo Muheza kuna kituo cha Amani cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Taasisi ya afya ya Ifakara nayo ilianza na maabara ndogo ya Waswisi miaka ya 1950. Kilifi wapo KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na mfuko wa Uingereza wa Wellcome tangu 1989, Nairobi kuna icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, aliyoianzisha Thomas Odhiambo mwaka 1970. Kwa hiyo mtu akiniambia nyumbani hakuna pa kufanyia sayansi, namwomba anyamaze. Ugumu uko kwenye mshahara wa miaka ile miwili ya kwanza, kabla hujapata ruzuku yako, na hapo mipango ya kuendeleza mapostdoki ya Ulaya inaishia mpakani. Hakuna warsha ya kurudi kwetu.

Nimemwomba yule mtu wa mapostdoki aandae moja, mwezi wa kumi, na wazungumzaji wawe waliorudi, kwa njia ya video. Amekubali, kwa sharti nitafute wazungumzaji mwenyewe. Nina wawili, mmoja Ifakara na mmoja Kilifi. Wa tatu namtafuta, na ningependa awe aliyerudi akiwa na watoto wa shule.