Nani alimfundisha bibi yako?

Wiki ya pili sasa tangu turudi. Mama anatembea peke yake hadi kwa jirani na anagombana na mkwewe kuhusu chumvi, kwa hiyo najua amepona. Mimi ndiye sijarudi vizuri. Nikilala nasikia mti unagonga mti: ta, ta, ta, ta, bila haraka, kama mtu anayetwanga na siku bado mbichi.

Kila ninayekutana naye hapa Bagamoyo anataka habari za hospitali. Za hospitali sina nyingi. Tulipewa tarehe, tukafika Chennai, India, madaktari wakafanya kazi yao, kisha tukaambiwa tusipande ndege mpaka wiki 3 zipite. Hizo wiki 3 ndizo zilizonibaki kichwani.

Tulihamia chumba cha kupanga Thiruvanmiyur, kusini mwa mji, kwa sababu mama ni mtu wa Mikindani na alikataa katakata kulala mahali asikosikia bahari. Alikuwa amejiandaa na Kihindi chake chote alichookota kwenye sinema tangu usichana. Masikini, kule watu wanasema Kitamil. Muuza nazi alimsikiliza hadi mwisho kwa heshima, akamjibu kwa vidole.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na chumba cha chini kisicho na kiti hata kimoja, sakafu ya saruji nyekundu iliyong'aa kwa kukanyagwa. Jioni saa kumi na moja viatu vidogo vilikuwa vinajipanga mlangoni, halafu huo mlio unaanza. Mama ndiye aliyekwenda kuchungulia kwanza. Nilipomfuata nilimkuta ameshakaa kwenye ngazi, kama amealikwa.

Mwalimu ni mama wa miaka sitini na kitu, sari ya pamba, miwani imefungwa kamba. Wanafunzi wote wanamwita Akka, yaani dada, na mimi nikamwita hivyohivyo. Amesoma Bharatanatyam, ngoma ya jadi ya kusini mwa India, huko Kalakshetra, chuo ambacho uzio wake uko hatua chache tu kutoka pale, akafundisha humo miaka mingi, sasa anafundisha watoto wa mtaa wake. Anakaa chini, miguu imekunjwa. Mbele yake kuna kigogo cha mbao, mkononi kijiti kinene kifupi. Anagonga, na kwa mdomo anaimba mapigo: tai ya tai, tai ya tai.

Nilikitazama kile kigogo kuliko nilivyowatazama watoto. Katikati kimeliwa, kimefanya shimo laini la kina cha yai. Ukiingiza kidole gumba kinazama. Ni kijiti hichohicho, au vijiti vilivyopita kabla yake, vilivyochimba shimo hilo siku baada ya siku.

Mimi ni mwalimu wa ngoma. Nimezoea darasa ambalo kufikia Ijumaa wanafunzi wameshapata kipande cha kuonyesha, maana mgeni rasmi anakuja, au tamasha liko karibu, au mkuu anataka video. Watoto wa Akka walikuwa kwenye hatua ya kwanza kabisa, ya kukanyaga chini kwa unyayo wote, kulia, kushoto. Hatua za msingi wanaziita adavu. Kundi hili la kukanyaga lina aina 8, na kila aina inachezwa kwa kasi 3: ya polepole, ya mara mbili yake, ya mara nne. Nikauliza wameanza lini. Akasema, "Mwezi wa sita." Tulikuwa mwezi wa kumi.

Na hukanyagi ukiwa umesimama. Unakaa nusu, magoti yamefunguka pembeni, mgongo wima kana kwamba umeegemea ukuta usioonekana. Araimandi, ndivyo wanavyouita mkao huo. Sisi pia tunakunja magoti, lakini mwili tunauinamisha mbele, kiuno kinabaki huru kusema lake. Wao kiuno wamekifunga. Nilijaribu chumbani usiku, mama akihesabu. Nilifika 40, mapaja yakaanza kutetemeka kama injini ya bajaji.

Kulikuwa na binti mmoja, labda miaka 8, nywele zimesukwa na maua ya asumini. Kila akichoka, magoti yake yalipanda taratibu, akawa mrefu bila kujijua. Nilisubiri Akka amkaripie. Ningekuwa mimi ningeshapaza sauti, "Shuka wewe!" Akka hakusema neno wala hakusimamisha mapigo. Alihamisha kijiti kutoka katikati ya kigogo, akaanza kugonga ukingoni, mlio ukawa mwembamba, mkali kidogo. Binti akasikia. Akashuka. Kijiti kikarudi shimoni. Wengine sidhani hata walitambua kilichopita. Nimefundisha miaka 14 na sijawahi kumrekebisha mtoto bila wenzake kujua kuwa amekosea.

Kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, watoto wanapiga magoti na kuigusa ardhi, wakiiomba radhi kwa kuikanyaga. Kisha wanagusa miguu ya mwalimu. Mama akaniambia kwa sauti ya chini, "Si ndiyo shikamoo yenyewe?" Ndiyo yenyewe. Sisi tumebaki na neno tu, nashika miguu yako, mikono tumeshairudisha mifukoni.

Hilo la miguu lina upande mwingine, na siwezi kuliruka. Machi 2023 wanafunzi wa Kalakshetra yenyewe waligoma, wakakaa chini wakidai hatua zichukuliwe dhidi ya walimu waliowatuhumu kuwadhalilisha kijinsia, na Aprili mwalimu mmoja akakamatwa na polisi. Nilimuuliza Akka. Alinyamaza muda, akifuta miwani kwa ncha ya sari. Akasema mtoto anayefundishwa kuinama mbele yako amekukabidhi kisogo chake, na mtu mzima asiyejua uzito wa kisogo hapaswi kupewa darasa. Akabadilisha mazungumzo. Sikumchimba.

Kalakshetra niliingia asubuhi moja, saa ambazo wageni wanaruhusiwa. Karibu ekari 100 za miti, vibanda vya madarasa vimetawanyika chini ya vivuli, unasikia matoazi hapa, kule kijiti na kigogo. Asubuhi wanakusanyika kwa sala chini ya mti mkubwa wenye mizizi inayoning'inia. Aliyekianzisha ni Rukmini Devi Arundale, mwaka 1936, kwanza Adyar, mtaa mwingine wa Chennai, kabla ya kuhamia kwenye eneo hili la pwani. Wanafunzi walikuwa wakimwita Athai. Nikauliza maana yake: dada wa baba. Shangazi! Nilicheka peke yangu njiani. Kwetu pia mambo mazito ya msichana hayapelekwi kwa mama, yanapelekwa kwa shangazi.

Shangazi huyu alikuwa binti wa Kibrahmani, tabaka la juu la Wahindu, na ngoma aliyoitaka haikuwa ya watu wa tabaka lake. Ilikuwa mikononi mwa familia nyingine: wanawake walioozwa kwa mungu wa hekalu, devadasi, ndio waliocheza, na wanaume wa jamii hiyohiyo, wanaoitwa nattuvanar, ndio waliofundisha na kushika matoazi. Enzi hizo wakubwa wa mji wa Madras, ndiyo Chennai ya leo, waliiona ngoma hiyo kama uhuni, na mwaka 1947 sheria ikapiga marufuku wasichana kuwekwa wakfu hekaluni. Rukmini Devi akaenda kujifunza kwa wenyewe. Alifundishwa na Meenakshisundaram Pillai, mzee wa kijiji cha Pandanallur, na akafundishwa pia na mwanamke, Mylapore Gowri Ammal, mchezaji wa hekalu la Kapaleeswarar palepale mjini. Kisha akaipandisha jukwaani ikiwa na mavazi mapya, amepunguza yale ya mahaba aliyoyaona hayafai. Balasaraswati, mchezaji mkubwa aliyezaliwa ndani ya hizo familia, hakukubaliana naye hata kidogo. Kwake yeye mahaba yale ndiyo yalikuwa roho ya ngoma, na ukiyatoa umebaki na nini?

Akka ananisimulia haya kama mtu anayesimulia ugomvi wa nyumbani kwao, wa watu aliowapenda wote. Mimi nilikuwa nimeanza kusikia kitu kingine.

Maana ngoma yetu ya sindimba niliijua kabla sijajua kusoma. Bibi yangu mzaa baba alikuwa kungwi, Newala. Wasichana waliingia ndani kwake watoto, wakatoka wanajua kucheza, na kucheza kulikuwa sehemu ndogo tu ya walichokuja kujua. Baada ya uhuru taifa likataka ngoma zake zionekane, kikaundwa kikundi cha taifa, na mwaka 1981 kikaja chuo cha sanaa hapa Bagamoyo. Sindimba ikapanda jukwaani, wanaume na wanawake pamoja, dakika 7, mgeni rasmi anapiga makofi. Wapo waliosema kile kiuno ni matusi, kikapunguzwa hapa na pale. Wengine wakakiongeza kwa ajili ya watalii. Silaumu, mshahara wangu unatoka humohumo. Ila nimefundisha sindimba miaka yote hii na kwenye daftari langu la masomo hakuna mahali pa kuandika ilitoka kwa nani. Pameandikwa "Asili: Wamakonde, Mtwara." Basi. Kana kwamba Mtwara ilikaa chini siku moja ikabuni hatua.

Siku tatu kabla ya kuondoka, Akka aliwaambia watoto wakae, akaniomba nionyeshe ya kwetu. Nikafunga kanga kiunoni. Mama akapiga ndoo ya plastiki, na alipiga vizuri kuliko nilivyotarajia kwa mtu mwenye mshono kifuani, nikamkataza, hakusikia. Watoto walicheka kiuno kilipoanza, wakaziba midomo. Akka hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa anasikiliza ndoo. Baada ya muda akachukua kijiti akaingia nasi, taratibu, akaikuta. "Tisra," akasema, mapigo ya tatu tatu, hata yeye anayo. Tulikwenda hivyo, ndoo na kigogo, hadi mama akachoka.

Ndipo akaniuliza nani alinifundisha.

Nikasema bibi.

Kwake hilo lilikuwa swali la kawaida kabisa. Yeye alishanitajia wa kwake siku ya kwanza, kwa pumzi moja, kama sisi tunavyojitambulisha kwa ukoo: mwalimu wake, mwalimu wa mwalimu wake, hadi kwa mzee wa Pandanallur. Nikamuuliza kwa nini Gowri Ammal hayumo kwenye mnyororo, wakati naye alifundisha. Akasema kwenye mnyororo wanawekwa walioshika matoazi. Gowri Ammal alifundisha uso, jinsi ya kufanya shavu na jicho viseme wimbo, na aliwafundisha wote wawili, Rukmini Devi na Balasaraswati, ambao ukiwasikia leo utadhani hawakuwahi kunywa maji kisima kimoja. Alikufa 1971, bila mali. "Mimi huwa namtaja," Akka akasema, "lakini huwa namtaja mwisho, wakati watu wameshaanza kuvaa viatu."

Kisha akauliza, "Na bibi yako, nani alimfundisha?"

Nilifungua mdomo. Mama akanitazama. Watoto wote wakanitazama, wenye njuga miguuni na wasio na njuga, maana kwao mtu asiyejua jibu hilo ni kama mtu asiyejua jina la baba yake.

Jana nilimpigia shangazi Newala. Ana miaka karibu 80, simu anaishikilia mbali na sikio na kunipigia kelele kana kwamba mimi ndiye kiziwi. Nikamwamkia, nikampa habari za mama, mshono, chumvi. Kisha nikamuuliza. Kimya. Nikadhani salio limekata.

"Unataka kumfanyia nini?"

Nikasema nataka kuliandika jina lake kwenye daftari la masomo.

"Halisemwi kwenye simu hilo," akasema. "Njoo. Na uje na kanga mbili, moja yangu, moja ya mwenyewe nitakayekupeleka kwake."

Nilidhani mwenyewe alishakufa zamani.

"Nani kakwambia?" shangazi akasema, akakata.