Afisa Ustawi Alipokuja Tandika

Talaka yenyewe haikuwa na ubishi. Baraza la kata lilipoona halina la kusuluhisha likatuandikia Fomu Namba 3, hati ya kwamba usuluhishi umeshindikana, tukaenda nayo mahakamani, Kituo Jumuishi cha Temeke. Ubishi ulikuwa kwa binti yetu, Neema. Mama yake alikuwa amehamia kwa dada yake Kimara. Mtoto alibaki nami Tandika. Alikuwa darasa la kwanza, miaka sita.

Hiyo miaka sita ndiyo iliyoninyima usingizi. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 heri awe na mama yake. Dhana hiyo inaweza kupingwa, na kifungu hichohicho kinamtaka hakimu aangalie pia ubaya wa kumhamishahamisha mtoto. Nilikisoma mpaka nikakikariri. Mjomba wangu hakuhitaji kifungu: "Mtoto wa kike atalelewaje na dume? Mpe mama yake, wewe uoe." Wazee wetu bwana, kila ugonjwa dawa yake kuoa.

Hakimu akaagiza ripoti ya ustawi wa jamii. Afisa alikuja Jumamosi asubuhi bila taarifa, mama wa makamo, mkoba kwapani, akanikuta uani nimejifunga msuli nafua sare za shule. Nikakimbilia ndani kutoa hati za mshahara na risiti.

"Hizo mpelekee hakimu, baba. Mimi nionyeshe anapolala."

Chumba na sebule. Kitanda chake nyuma ya pazia. Alilitazama lile pazia, akaandika. Nani anamwogesha? Choo mnachangia na wapangaji wangapi? Ukiwa zamu ya usiku, mtoto yuko na nani? Hapo jasho likanitoka, maana zamu zangu za bandarini hazina huruma. Kabla sijafungua mdomo, Mama Zuhura akadakia kutoka dirishani kwake.

"Yuko kwangu! Anakula kwangu, analala na wajukuu zangu. Andika, mama, mimi siogopi."

Kisha nikatumwa dukani, kwa adabu lakini nikatumwa, afisa akabaki na Neema chini ya mwembe. Waliongea nini sijui. Nilimhonga Neema hadi aiskrimu, hakusema.

Mahakamani mama yake alisema sentensi moja tu iliyonichoma: "Sikumtelekeza, mheshimiwa, nilikosa chumba." Na kweli. Hakumtelekeza.

Hukumu ikawa Neema akae nami shule zikiwa wazi, likizo aende kwa mama yake, pamoja na wikiendi mbili kila mwezi. Ripoti ilitaja shule ambayo asingelazimika kuihama, ikamtaja Mama Zuhura kwa aya nzima. Mshahara wangu haukuguswa popote, na nilijisikia vibaya kidogo.

Tulitoka pamoja hadi getini.

"Baba Neema, Ijumaa nitamfuata mwenyewe. Na usimpandishe bodaboda."

"Hapandi bodaboda."

"Kaniambia juzi alipanda."

"Ilikuwa mvua."

"Mvua ndiyo kabisa usimpandishe!"

Nikasema sawa.

"Na kadi yake ya bima aje nayo. Usinipe nakala."